Mapambo ya Metali ya Gari la Kale na Namna ya Kuyarudishia Mng'aro

Ukiitazama Volkswagen Beetle ya mwaka 1960 iliyotunzwa vizuri, utadhani kila kinachong'aa juu yake ni kromu. Sivyo. Bampa na wilikepu ni chuma kilichochovywa kromu. Vitasa vya milango ni zinki ya kusubu, nayo ikachovywa kromu. Lakini mistari myembamba inayopita ubavuni, ile ya katikati ya boneti na ile iliyopachikwa kwenye mipira ya vioo ni alumini, wala haijawahi kuonja kromu hata siku moja. Gari moja dogo lina metali tatu zinazozeeka kwa namna tatu, na dawa ya moja ni sumu kwa nyingine. Mwenye gari anayenunua kopo la pasta ya kung'arishia na kuanza kusugua kila kitu atafurahia jioni hiyo, kisha miezi michache baadaye atajiuliza kwa nini mistari imepauka na bampa limeanza kutoa madoa ya kahawia.

Mapambo ya metali, kwa maana inayotumika hapa, ni sehemu zote zing'aazo zilizofungwa nje ya bodi: bampa, grili, ringi za taa, wilikepu, vitasa, nembo, na mistari ya ubavuni na ya vioo. Nyingine zina kazi ya kweli, kama bampa. Nyingi zipo kwa ajili ya macho, na pia kuficha mahali ambapo mabati mawili yamekutana au rangi mbili zimepakana.

Metali zenyewe zilipokezana kadiri miaka ilivyokwenda. Magari ya mwanzo yalipambwa kwa shaba ya manjano, iliyong'aa sana na kufubaa upesi, hivyo ilitaka kusuguliwa kila mara. Ford Model T iliendelea na rejeta ya shaba ya manjano hadi 1916. Nikeli ikafuata, yenye mng'aro wa joto unaoelekea umanjano kidogo. Katikati ya miaka ya 1920 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akiwemo Colin Fink, waliifikisha kazi ya kuchovya kromu kwenye kiwango cha biashara, na Oldsmobile ikawa miongoni mwa kampuni za kwanza kuitumia kwenye magari yake, mwaka 1926. Wakati huohuo stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu, ambayo Harry Brearley alikuwa ameipata Sheffield mwaka 1913, ilikuwa ikisubiri zamu yake: Ford Model A za 1928 na 1929 zilitoka na nikeli kwenye ganda la rejeta na taa, lakini za 1930 na 1931 zilitoka na stenlesi. Kwa hiyo Model A ya 1928 yenye ringi za taa zenye weupe wa kibuluu wa kromu imekosewa, hata kama kazi yenyewe ni safi.

Vita navyo viliacha alama. Mwanzoni mwa 1942 Marekani iliwazuia watengenezaji kutumia kromu kwenye mapambo, na magari ya mwisho kabla ya viwanda kugeuzwa vya silaha yalitoka na mapambo yaliyopakwa rangi. Wakati wa Vita vya Korea nikeli ilibanwa kwa matumizi ya kijeshi, kukawa na magari ya 1951 hadi 1953 ambayo kromu yake iliwekwa juu ya shaba bila nikeli ya kutosha katikati, kisha ikapakwa vanishi. Bampa hizo zilishika kutu mapema mno. Anayemiliki gari la miaka hiyo asimlaumu aliyelitunza.

Upungufu huo wa nikeli unafichua jambo ambalo watu wengi hawalijui kuhusu kromu: kromu yenyewe haizuii kutu. Kwenye bampa la kawaida tabaka la kromu lina unene wa takriban mikroni 0.25 hadi 0.5, nao unywele wa mtu una mikroni zipatazo 70. Tabaka jembamba hivyo lina nyufa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Kazi yake ni ugumu, rangi, na kuifanya nikeli iliyo chini isifubae. Kinachokinga chuma ni hiyo nikeli, ambayo kwenye kazi nzuri ya nje hufikia mikroni 20 hadi 40, na chini yake mara nyingi kuna shaba nyekundu.

Maji yenye chumvi yakipenya kwenye kitundu cha kromu, hukutana na nikeli. Hapo panakuwa na betri ndogo: kromu ni eneo kubwa lisilolika, nikeli iliyofunuliwa ni nukta ndogo inayobeba mzigo wote. Nukta hiyo huliwa kwa kasi kwenda chini mpaka ikifikie chuma, na kutu ya chuma ikianza huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, ikainyanyua nikeli na kromu kutoka chini. Kidoa cha kahawia unachokiona juu ya bampa ni mdomo tu wa shimo. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kuweka nikeli ya aina mbili, moja juu ya nyingine, ili kutu itambae kwa upana badala ya kuzama. Ndiyo maana bampa la miaka ya 1970 linaweza kuwa na hali nzuri kuliko la 1952 lililokaa gereji moja nalo.

Kutambua metali

Watu hukimbilia sumaku. Sumaku inasaidia, lakini pia inadanganya. Ikishika, kipande kinaweza kuwa chuma kilichochovywa kromu, au kinaweza kuwa stenlesi ya aina ya 430, ambayo ilitumika sana kwenye mistari na wilikepu na ambayo hushikwa na sumaku kama chuma cha kawaida. Hata stenlesi ambayo kwa asili haishikwi huanza kuvutwa kidogo ikishakunjwa na kuvutwa kiwandani. Isiposhika, bado inaweza kuwa alumini, zinki, shaba au stenlesi.

Njia ya uhakika zaidi ni kugeuza kipande na kutazama mgongo wake. Mgongo wa chuma kilichochovywa utakuwa na kutu, au ukungu wa nikeli usio na mng'aro. Mgongo wa stenlesi ni rangi ileile ya mbele, umefifia tu, na ukifutwa hakuna kutu. Zinki ya kusubu ni nzito, ya kijivu, ina alama za kalibu na vijiti vyenye nyuzi vilivyosubiwa pamoja na kipande. Alumini hujitambulisha mkononi kwa wepesi, na ukikuna mgongoni kwa ncha ya kisu inakunika kwa urahisi na kuacha mstari mweupe. Ukishajua, andika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha mkanda na ukibandike. Vipande vikishakuwa ishirini mezani, kumbukumbu haitoshi.

Kuvitoa

Mapambo mengi huharibiwa zaidi wakati wa kutolewa kuliko yalivyoharibiwa na miaka sitini ya barabara. Mstari wa alumini wa Beetle umeshikwa na klipu zilizopachikwa kwenye matundu ya bodi. Fundi mwenye haraka hushika ncha moja na kuvuta. Alumini hukunjika kwenye klipu ya pili, na mahali ilipokunjika imekwisha kuvutika; ukiinyoosha inabaki na wimbi ambalo taa ya jioni italionyesha daima. Inayofaa ni kabari pana ya mti au plastiki, ipitishwe mpaka ifike jirani kabisa na klipu, na klipu inyanyuliwe yenyewe, moja baada ya nyingine. Mkanda wa karatasi ubandikwe kwenye rangi kwanza.

Kwenye zinki ugumu uko kwenye vile vijiti. Nati zimeganda, kijiti ni laini, na fundi akikaza spana kinachokatika ni kijiti. Nati zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu kwa siku kadhaa, si kwa dakika kumi, na zikigoma zipasuliwe kwa kisahani kidogo cha kukatia. Nati ni ya shilingi chache. Nembo ya 1957 haiuzwi kila duka. Bolti za bampa, kwa upande wake, hazistahili huruma. Zikatwe tu.

Kinachohitaji kuoshwa tu

Kabla ya kufikiria kuchovya upya, osha. Kromu ambayo inaonekana imekufa mara nyingi imefunikwa na mafuta, masizi na kutu iliyotoka kwenye vitundu na kutambaa juu. Maji ya sabuni, kisha kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni kilichokunjwa na kuloweshwa maji, kikisuguliwa taratibu, huondoa kutu hiyo kwa namna inayoshangaza. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo haiikwaruzi, na maji yakiwepo kati ya metali hizo kutu yenyewe hulegea. Nyuzi za chuma za daraja laini kabisa, zile za sufuri nne, nazo hufanya kazi zikiwa na mafuta. Zile za kusugulia sufuria hazifai.

Baada ya hapo vitabaki vishimo vidogo vyeusi. Havifutiki, kwa sababu hapo hakuna tena metali. Nta ikijazwa humo itachelewesha kutu, na kwa gari linaloendeshwa kila wiki mimi ningeishia hapo. Bampa halisi la kiwandani lenye vidoa vichache lina thamani yake, na kwa macho yangu hupendeza kuliko bampa jipya la bati jembamba.

Stenlesi: kazi inayolipa

Kati ya metali zote, stenlesi ndiyo inayomstahili mtu wa kawaida mwenye meza, nyundo ndogo na subira. Haina tabaka la juu: ni ileile kutoka mbele hadi nyuma, hivyo mkwaruzo au bonyeo linaweza kuondolewa na mng'aro ukarudi kama wa kiwandani au kuupita. Mistari ya ubavuni ya Chevrolet Bel Air za 1955 hadi 1957 ni mfano mzuri, maana karibu kila moja iliyosalia ina mabonyeo ya mawe na milango ya watu wengine.

Kazi huanzia nyuma. Zungushia bonyeo kwa kalamu upande wa mbele, laza mstari kifudifudi juu ya mti laini, kisha gonga kutoka mgongoni kwa patasi butu ya mti mgumu au chuma kilichoviringwa ncha. Ugongaji ni mwepesi na wa mara nyingi. Pigo moja kubwa hutoa kilima mahali palipokuwa na bonde. Geuza, pitisha tupa laini juu ya uso bila kukandamiza. Tupa itagusa palipoinuka na kupaacha peupe, na palipozama patabaki na ukungu wake. Hapo ndipo unapoona ukweli ambao kidole hakikuuhisi. Rudi nyuma, gonga penye ukungu, geuza, piga tupa tena. Bonyeo la ukubwa wa punje ya mahindi laweza kuchukua nusu saa.

Kisha msasa: 320, 400, 600, 800, hata 1000, kila mmoja ukielekea upande tofauti na uliotangulia, na usihame mpaka mikwaruzo ya msasa wa nyuma iishe yote. Anayeruka daraja ataliona kosa lake kwenye hatua ya mwisho, ambapo mng'aro hukuza kila kitu. Baada ya msasa huja magurudumu ya kung'arishia. La kwanza ni la katani, nyuzi zilezile ambazo ziliifanya Tanga ijulikane duniani na ambazo Tanganyika iliongoza kuzizalisha wakati wa uhuru. Katani ni kali, ikipakwa pasta ya kukata hulainisha uso wa stenlesi ambao pamba isingeuweza. La pili ni la pamba iliyoshonwa, la mwisho pamba iliyolegea na pasta laini. Kipande kisikae mahali pamoja, maana stenlesi ikipata joto sana hugeuka njano kisha buluu.

Gurudumu linalozunguka kwa kasi halina urafiki. Mstari mrefu na mwembamba ufungwe kwenye ubao wenye umbo lake, na sehemu ya chini ya gurudumu ndiyo itumike, ili likinyakua lirushe kuelekea sakafuni. Miwani, barakoa, na hakuna mikono mirefu ya shati. Magurudumu ya chuma yasiguse stenlesi: chembe za chuma zikizama usoni zitashika kutu, na mwenye gari ataapa kwamba aliuziwa stenlesi bandia.

Alumini na ngozi yake

Mistari ya Beetle na grili nyingi za miaka ya 1950 na 1960 ni alumini iliyopitishwa kwenye anodaizi: kipande huning'inizwa kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, mkondo wa umeme hupitishwa, na uso wake hugeuka kuwa oksidi ngumu, ya mikroni chache, inayopitisha mwanga. Oksidi hiyo inaweza kutiwa rangi, kama ile dhahabu ya grili ya Bel Air ya 1957. Ikishafungwa kwa maji ya moto hudumu miaka mingi.

Shida ni kwamba ngozi hii haing'arishwi. Ikipata ukungu mweupe au mikwaruzo, pasta itapita juu yake bila faida, kwa sababu oksidi ni ngumu kuliko metali iliyo chini. Lazima itolewe yote. Kinachoitoa ni kostiki soda, ile inayotumiwa na watengeneza sabuni, ikiyeyushwa kwenye maji. Soda ndiyo hutiwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Chombo kiwe cha plastiki, mahali pawe na hewa, moto uwe mbali, maana povu linalotoka ni haidrojeni. Dakika chache zinatosha: ngozi ikishaisha metali yenyewe huanza kuliwa na kuwa na chembechembe. Suuza kwa maji mengi, utaona alumini ya kijivu isiyo na uhai.

Kutoka hapo inasuguliwa na kung'arishwa kama stenlesi, ila kwa misasa laini na shinikizo dogo, na hupata mng'aro upesi sana. Upesi huo ndio mtego. Bila ngozi mpya alumini itafubaa, hasa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ambako upepo wa bahari unabeba chumvi. Mwenye uwezo airudishe kwenye anodaizi. Asiye nao apake nta mara kwa mara na akubali kuirudia kazi kila mwaka. Vanishi ya kupuliza sipendekezi, kwani huchubuka kwa mapande na kuitoa ni adha. Jambo la kuogopa zaidi kwenye alumini ni vumbi lake: likikutana na cheche za chuma kutoka kwenye grainda huwaka vibaya. Meza isafishwe kabla ya kubadili metali.

Zinki

Zinki ya kusubu ndiyo inayovunja moyo. Malengelenge kwenye kitasa yanamaanisha kwamba unyevu umepita kwenye kromu na zinki imeanza kuliwa na kuvimba. Ukiitoa kromu utakuta uso uliojaa mashimo kama jiwe la pumice. Kila shimo lichimbwe mpaka metali safi, lichovywe shaba, lijazwe kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto dogo, lisawazishwe, kisha kipande kizima kichovywe shaba tena. Joto lina mpaka, maana aloi hizi huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 400 za selsiasi, na mwali wa gesi ukizubaa unabaki na tone. Shaba ya kwanza haiwezi kutoka kwenye bafu la asidi, linaloila zinki; kwa kawaida hutumika bafu la sianidi, ndiyo sababu kazi hii ni ya karakana yenye kibali na si ya uani. Kitasa kimoja chenye mashimo chaweza kugharimu kuliko bampa zima. Kama sehemu mpya yenye ubora inapatikana, nunua.

Kuchovya upya

Bampa la chuma likifika kwa mchovyaji, kromu ya zamani huondolewa kwa kemikali au kwa kugeuza mkondo wa umeme, nikeli hufuata, na chuma hubaki uchi. Hapa ndipo bampa zuri na baya hutengana. Kromu haifichi chochote; inaiga kwa uaminifu kila mkwaruzo uliopo chini. Kwa hiyo saa nyingi huenda kwenye kunyoosha, kusaga na kusugua, kisha shaba nene inawekwa na yenyewe inasuguliwa mpaka vishimo vidogo vimezibwa, wakati mwingine mara mbili. Nikeli hukaa kwenye bafu kwa muda mrefu. Kromu, ambayo mteja anadhani ndiyo kazi yenyewe, huchukua dakika chache tu.

Mteja anayetaka kujua kama karakana ni nzuri aulize kuhusu shaba na nikeli, si kuhusu kromu. Aombe pia kuona kipande ambacho kimekaa nje miaka miwili. Kabla ya kukabidhi, apige picha kila kitu, mbele na nyuma, na orodha isainiwe na pande zote mbili. Skrubu na vipande vidogo hupotea kwenye mabafu, na hakuna anayekumbuka vilikuwa vingapi.

Kromu ya jadi hutoka kwenye asidi ya kromiki, yenye kromu ya aina sita, inayosababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliiweka chini ya masharti ya kibali kuanzia Septemba 2017, na karakana nyingi zimehamia kwenye bafu la kromu ya aina tatu, ambalo si hatari kiasi hicho ingawa rangi yake inaweza kutofautiana kidogo na ya zamani. Bampa la mbele likichovywa kwenye bafu moja na la nyuma kwenye jingine, jicho litagundua. Vifaa vya kuchovya nyumbani vinavyouzwa mtandaoni visiguswe.

Kurudisha kwenye gari

Kuna swali la kujiuliza kabla ya bolti ya kwanza: kipande hiki kiling'aa tangu kiwandani? Volkswagen ilipoleta toleo la Export mwaka 1949, kromu na mistari vilikuwa ndiyo tofauti yake kubwa na toleo la Standard, ambalo bampa na wilikepu zake zilipakwa rangi. Standard iliyovalishwa kromu imepoteza kitambulisho chake. Kwenye mashindano ya Concours d'Elegance, Nairobi, ambako majaji hukagua magari hadi chini ya sakafu, kosa kama hilo linaweza kupita kwa mtazamaji lakini si kwa anayelijua gari.

Mapambo hurudi baada ya rangi kukauka kabisa, si siku ya pili. Kila tundu la klipu lipakwe rangi ndani na nta juu yake, kwa sababu stenlesi ikigusa bati tupu penye unyevu, bati ndilo litakalolika, na kutu huanza nyuma ya mstari ambapo hakuna anayeiona. Klipu za zamani zilizolegea zitupwe. Vipande vya mpira au plastiki viwekwe kati ya metali mbili tofauti. Mgongo wa bampa, ambao haukupata nikeli nene kama uso, upakwe rangi ya zinki na nta, maana bampa nyingi hufa kutoka nyuma. Kwa gari la pwani, maji baridi ya bomba kila baada ya safari ya kando ya bahari yana faida kuliko kopo lolote la pasta, na yamwagwe hasa nyuma ya bampa na chini ya mistari, kisha gari likaushwe kabla ya kufunikwa turubai.